Walifuata Roshani ya Michael Jackson, Wakakuta Karai la Mama

Tusidanganyane, walienda kwa ajili ya ile roshani.

Kama umewahi kuangalia video ya Michael Jackson ya "They Don't Care About Us", unaijua. Mtaa wa mawe unaoteremka, nyumba za rangi rangi, wapiga ngoma wamejaa barabara nzima, na Michael juu kwenye roshani anawapungia watu. Ilipigwa Februari 1996, mwongozaji akiwa Spike Lee, na wale wapiga ngoma ni kundi la Olodum. Vipande vingine vilipigwa Rio, lakini ukimuuliza mtu anakumbuka nini, atakutajia ngoma. Na ngoma zilikuwa Pelourinho, mji mkongwe wa Salvador, jimbo la Bahia, pwani ya Brazili.

Waliokwenda ni wadada wawili wanaofanya kazi ofisi moja Dar. Mmoja kakulia Mbagala, mwingine Mikocheni, na kwa kuwa majina hayatajwi, wataitwa hivyo hivyo. Ofisi iliwapeleka São Paulo kwenye mafunzo ya siku tano. Wakaomba likizo ya siku nne, wakajilipia ndege ya ndani, saa mbili na ushee angani, huyoo Salvador. Begi la huyu wa Mbagala lilikuwa na magauni manne ya siku nne, na kila gauni lilishapangiwa ukuta wake. La njano kwa ukuta wa bluu, jeupe kwa ukuta wa waridi, na kuendelea. Mtu ana wafuasi elfu kumi na moja, hawezi kwenda kizembe.

Ukurasa wake ni mzuri, hilo hakuna anayebisha. Una bahari, una migahawa ya Masaki, una kahawa yenye ua la maziwa juu. Mbagala tu ndiyo haimo. Kuhusu nyumbani jibu lake ni moja miaka yote: mama yupo, anafanya biashara. Ambayo ni kweli kabisa. Mama yake ni mtu wa Tanga, anauza bagia za kunde nje ya nyumba yao kila jioni, na anauza tangu binti huyu yuko tumboni.

Mwaka jana siku ya kuzaliwa ya binti, mama alipanda daladala mbili na kontena lenye mfuniko mwekundu, bagia bado za moto, chatini ya nazi kwenye kopo pembeni. Binti akampokea getini. Akamshukuru, akambusu, akamwitia bodaboda arudi. Alipoingia ofisini kontena likazunguka meza zote, na yule wa Mikocheni akiwa na la tatu mkononi akauliza, "Hizi umenunua wapi jamani?" Akajibu, "Kuna mama mmoja huko Mbagala."

Hapo mlinzi alikuwa anafunga geti, na mama hajaondoka bado. Kama alisikia au hakusikia, hajawahi kusema.

Turudi Salvador. Mji umekaa ghorofa mbili, wa juu na wa chini, katikati kuna ukingo mkali kama umekatwa kwa panga. Chini ni bandari, juu ni serikali, makanisa na nyumba za wakubwa. Wareno waliujenga mwaka 1549, ukawa makao makuu ya Brazili mpaka 1763 yalipohamishiwa Rio. Kinachounganisha chini na juu ni lifti, ndiyo, lifti ya umma kama unavyopanda daladala. Inaitwa Elevador Lacerda, ina mita 72, unaingia na wanafunzi na mama wenye vikapu, sekunde chache mlango unafunguka uko juu, na bahari yote ya ghuba iko miguuni kwako. Picha ya kwanza ikapigwa pale.

Kijana aliyekuwa anawatembeza akasema lifti hiyo ilifunguliwa Desemba 1873. Mikocheni, ambaye kichwa chake hakisahau tarehe za shule, akasema, "Mwaka huo ndio soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa." Ni kweli, Juni mwaka huo huo Sultani Barghash alitia saini. Kijana akatabasamu, akawaambia Brazili ilikuwa bado. Brazili iliendelea na utumwa miaka mingine kumi na tano, mpaka Mei 13, 1888, ikawa nchi ya mwisho kabisa katika mabara ya Amerika kuuacha. Waafrika walioshushwa nchi hiyo kwa karne zote wanakaribia milioni tano. Hakuna nchi nyingine upande ule wa bahari iliyopokea wengi hivyo.

"Na wa kwetu walifika?" Mikocheni akauliza.

Akajibiwa kwamba wa Salvador wengi walitoka Afrika Magharibi na Angola. Watu wa Msumbiji nao waliletwa Brazili, ila wengi wao walishushwa Rio.

Wakatembea. Kwanza ule uwanja mkubwa wa makanisa, Terreiro de Jesus, halafu unaanza kushuka kwenye mtaa wenyewe. Na kusema haki ni pazuri. Tangu 1985 UNESCO imeuweka kwenye urithi wa dunia, na ukiwa pale huhitaji kuelezwa kwa nini. Mawe ya barabarani yamelainika mpaka yanang'aa, kwa hiyo dada, viatu vya kisigino acha hotelini. Ukitaka kuposti video, posti ukiwa umesimama dukani, maana wenyeji wenyewe ndio wanaokuambia simu usiitembeze mkononi, na kuna vichochoro kijana alikataa kabisa kuwapitisha. Kuna watu watakufunga utepe mkononi wakikuita rafiki. Ni tepe za kanisa la Bonfim, fundo tatu, dua tatu. Utepe ni zawadi, halafu baada ya fundo la tatu unaambiwa zawadi ni shilingi ngapi. Mikocheni alifungwa tepe mbili kabla hajajifunza kuweka mikono mfukoni.

Roshani wakaipata. Chini yake kuna duka la fulana, unatoa hela kidogo unapanda, unapigwa picha. Mbele yao kulikuwa na foleni ya watalii, kila mmoja akifika juu ananyoosha mikono vile vile kama Michael. Zamu yao ilipofika walinyoosha vile vile. Dakika mbili, wakashuka.

"Ndiyo hivyo tu?" wa Mbagala akasema.

"Ndiyo hivyo tu, shosti. Tule."

Ila kabla ya kula kijana akawasimamisha katikati ya mteremko, akauliza kama wanajua maana ya Pelourinho. Hawakujua. Ni nguzo. Nguzo ya kumfungia mtu achapwe watu wakitazama. Iliwahi kusimama pale, watumwa wakichapwa hadharani, na nguzo ilipoondolewa jina likabaki kwa mtaa mzima. Leo watu wanaandika jina hilo kwenye kofia na sumaku za friji, wenyeji wanafupisha kabisa, wanasema Pelô.

Kwa mtu wa kwetu hiyo si stori ya mbali. Wa Mbagala aliwahi kupelekwa Mkunazini, Unguja, akiwa kidato cha pili. Wakaonyeshwa ndani ya kanisa la Anglikana mahali pa altare, wakaambiwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Alikumbuka wanafunzi arobaini na kelele zao zote walivyonyamaza ghafla. Hapa hakuna aliyenyamaza. Ngoma zinapigwa, watu wanasuka nywele barazani, mtoto anauza maji baridi. Akatazama gauni lake la njano na ukuta wa bluu aliokuja kuutafuta, akamwambia mwenzake, "Hebu ile picha ya ukutani tuiache kwanza."

Kanisa maarufu la São Francisco, lile lililopakwa dhahabu ndani kuta mpaka dari, hawakuingia. Lilikuwa limefungwa. Februari 5, 2025 sehemu ya dari hiyo iliporomoka ikamuua mtalii mmoja kijana na kujeruhi wengine. Wakasimama nje kidogo wakapita. Kona ya pili nyuma yake kuna nyumba zilizobaki ukuta wa mbele tu, madirisha yamejaa majani. Miaka ya 1990 serikali ya jimbo ilipoukarabati mji huu, familia nyingi maskini zilizokuwa zinaishi ndani ya majumba haya zilihamishwa ili rangi zipakwe na maduka yafunguliwe. Kwa hiyo zile rangi zinazotoka vizuri kwenye picha zina watu wake waliozipisha. Kijana alilisema hilo haraka, bibi yake alikuwa mmoja wao, akaendelea na safari.

Saa saba mchana wakarudi uwanjani kula.

Pale kuna akina mama wanaoitwa baiana. Sketi nyeupe pana kama mwavuli, kilemba cheupe, shanga shingoni, wamekaa nyuma ya meza ya vyungu na karai. Angalia vizuri lakini: wapo wengine wamevaa hivyo hivyo ambao kazi yao ni kupigwa picha na watalii, kwa malipo. Hao ni wengine. Huyu alikuwa anapika. Kwenye karai mafuta ya mawese mekundu yanachemka, anachota rojo jeupe kwa kijiko kikubwa, anadondosha, linaumuka, linageuka rangi ya kutu. Linaitwa acarajé. Analipasua katikati anajaza vitu: uji mzito wa kamba wakavu, karanga na nazi unaoitwa vatapá, bamia, kachumbari, na kamba wazima wazima juu.

Mama akawauliza kitu, "Quente?" Kijana alikuwa anaongea na simu pembeni. Wakajua wanaulizwa kama wanataka cha moto. Nani anataka bagia baridi? Wakaitikia kwa vichwa vyote viwili. Sasa kwa baiana "moto" maana yake ni pilipili, na aliweka kama alivyoombwa. Mikocheni machozi yakamtoka hapo hapo, pua, kila kitu. Wa Mbagala hakutetereka. Pilipili ile alikunywa nayo maziwa.

Kilichomsimamisha ni kile kitumbua chenyewe. Aling'ata, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Shosti," Mikocheni akasema huku anajifuta macho, "hii si bagia? Hii si bagia ya kunde kabisa?" Akatoa simu ya mwenzake kwenye mkoba, yake ilikuwa imeisha chaji, akaanza kumrekodi. "Haya tuambie wafuasi, tunakula nini?"

Hapo sijui ni njaa, ni uchovu, ni mafuta yale mekundu. Dada akaanza kueleza. Kwamba kunde unaloweka usiku. Asubuhi unazifikicha kwa mikono maganda yatoke yote, na hapo ndipo wavivu wanapokamatwa, ukiacha maganda bagia inakuwa nyeusi na nzito. Unasaga bila maji mengi. Unatia kitunguu na chumvi. Halafu unalipiga rojo kwa mwiko mpaka mkono ufe ganzi, hewa iingie, na ukitaka kujua liko tayari unadondosha tone kwenye glasi ya maji. Likielea, karai bandika. Baiana alikuwa hajui neno hata moja la Kiswahili, lakini alikuwa anatazama ile mikono inavyofikicha hewani, akaanza kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, akainua mwiko wake wa mbao kuuonyesha.

"Wewe," Mikocheni akasema nyuma ya simu, "haya yote umeyajulia wapi?"

Simu ikaita mkononi mwake. Salvador na Dar zinapishana saa sita, na saa moja jioni ndio muda ambao mama huwa amemaliza meza na anampigia bintiye. Kawaida binti akiwa na watu hapokei, atapiga baadaye. Safari hii simu hakuishika yeye. "Mama anapiga!" Mikocheni akasema kwa furaha, akapokea.

Kwenye kioo kukawa na jiko la mkaa, karai, sinia la bagia zilizobaki saba au nane, na mwanamke mwenye khanga kichwani anapepesa macho kwa moshi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Sauti si ya mwanangu hii."

"Mimi rafiki yake mama, tuko wote huku. Mama, hizo ni bagia?"

"Ndiyo mwanangu, karibu. Zimebaki za watoto tu."

Pembeni ya sinia palikuwa na kontena lenye mfuniko mwekundu. Mikocheni aliliona, na mtu anayemjua atakuambia hana ubaya hata kidogo, ila hana breki pia. "Mungu wangu! Kumbe wewe ndiye yule mama mmoja wa Mbagala!"

Alisema kwa furaha ya kweli. Alizila zile bagia tatu, alizisifia mwaka mzima.

Mama alinyamaza. Si muda mrefu, kama mtu anavyonyamaza akigeuza kitu kwenye mafuta. "Eeh," akasema. "Ndiye mimi."

Binti alikuwa amesimama na acarajé mkononi, mawese yanamtiririka kwenye kiwiko kuelekea gauni la njano.

"Hebu nigeuzie nimwone huyo mwenzangu," mama akasema. "Nilikuwa naona karai nyuma yenu."

Ikageuzwa. Baiana akapunga mkono, mama akapunga. Kijana wa kutembeza akarudi, akapewa ukalimani wa hatua tatu: Kireno, Kiingereza, Kiswahili. Swali la kwanza la mama: mbona kuna kitunguu kizima kinaogelea kwenye mafuta? Hakuna aliyekuwa amekiona. Kweli kipo, kimechomwa kimekuwa cheusi upande mmoja. Baiana akaeleza kwamba kinazuia mafuta yasiungue haraka, kikishakuwa cheusi chote unatoa unaweka kingine. Mama akasema, "Kumbe!" kwa namna ya mtu aliyechoma mafuta mengi bure maishani. Swali la pili: bei. Reali kumi na tano, kama shilingi elfu saba.

"Sinia zima?"

"Moja, mama."

"Moja?" Akaita jirani aje asikie.

Baiana naye akauliza, ameuza miaka mingapi? Ishirini na nane. Yeye alisema aliyemwachia meza ni mama yake, na mama yake aliachiwa na bibi. Halafu akamwonyesha binti kwa mwiko: na huyu naye anauza?

Mama akacheka kidogo. "Huyo? Huyo nilimsomesha asiuze. Hata wateja wakija nilikuwa namfukuza ndani akasome, asionekane na karai. Mwambie hivyo."

Ikatafsiriwa. Baiana akamtazama binti, hakusema kitu, akamwongezea kamba juu bila kuombwa.

Walipokata simu kijana akaeleza kitu ambacho pengine kilistahili kuelezwa mwanzoni. Acarajé si kitafunwa cha juzi. Jina limetoka kwa Wayoruba, akara ni kile kitumbua na je ni kula, na Wanaijeria wanakula akara mpaka kesho asubuhi. Wakati wa utumwa kulikuwa na wanawake waliotumwa na mabwana zao kuuza barabarani. Sehemu ya mauzo wanampelekea bwana, kinachozidi ni chao, na wapo waliokusanya hicho kinachozidi, senti kwa senti, mpaka wakajinunua wenyewe. Wengine wakanunua watoto wao. Kwenye dini ya Candomblé ni chakula cha Iansã, mungu wa kike wa upepo na radi, ingawa siku hizi wapo walokole wanaokiuza kwa jina jingine, wanakiita kitumbua cha Yesu, hawataki kesi. Mwaka 2005 kazi ya baiana iliandikwa rasmi kuwa urithi wa taifa la Brazili. Na Kombe la Dunia la 2014 lilipokaribia, ikaonekana sheria za FIFA zitawaweka mbali na uwanja wa Salvador, wale akina mama wakapiga kelele nchi nzima ikasikia. Wakaruhusiwa.

Wa Mbagala alisikiliza yote hayo akitazama chini. Mwenzake naye furaha ilikuwa imekwisha, maana hesabu ilikuwa imeanza kujipanga kichwani.

"Miaka mitatu mwaya," akasema walipobaki wawili kwenye ngazi za kanisa. "Nimekula bagia za mama yako naambiwa za mama mmoja."

"Ungenionaje?"

"Sijui. Si hukunipa nafasi ya kujua?"

"Wewe mama yako ana ofisi Posta. Bagia kwako ni kitu cha kula na chai. Kwetu ilikuwa ada, kodi, dawa, kila kitu. Nilikuwa nikienda shule nanuka mafuta, watoto wananiita Karai. Usiniambie nafasi."

"Sawa. Wale watoto walikuita Karai. Mimi nilikuita nani?"

Hakujibu. Na ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja, ndiyo maana ugomvi wa namna hii hauishi kwa kuongea. Wakakaa. Mikocheni akafungua fundo la utepe mmoja, akakumbuka unatakiwa uachwe ukatike wenyewe, akafunga tena.

Ilikuwa Jumanne, na Jumanne Pelourinho ina jambo lake. Katikati ya mteremko kuna kanisa la bluu, Nossa Senhora do Rosário dos Pretos, Mama wa Rozari wa Watu Weusi. Waliolijenga ni chama cha Waafrika na wajukuu zao, watumwa na walioachwa huru, kilichoanzishwa 1685. Makanisa ya wakubwa hawakuwa na nafasi ndani, kwa hiyo wakaanza lao miaka ya mwanzo ya 1700, wakijenga usiku baada ya kumaliza kazi za mabwana. Lilichukua karibu miaka mia. Watu walioweka mawe ya kwanza hawakuliona limeisha, wala watoto wao. Nyuma kuna uwanja mdogo walikozikana wenyewe kwa wenyewe.

Saa kumi na mbili jioni misa ikaanza, na misa hiyo ina ngoma. Si ngoma za video, ngoma za mkono, ndefu, zimesimama kando ya altare, na watu wanaimba kwa Kireno lakini mabega yanajua kitu kingine. Kwenye sadaka wakaingia watu na vikapu vya mikate vichwani, wanacheza taratibu mpaka mbele. Mikate ikabarikiwa, ikagawiwa kwa kila mtu, wenye imani na watalii. Wa Mbagala ni Mwislamu, alikaa benchi la nyuma kabisa kwa heshima. Mama mmoja mzee akamletea mkate, akamkunja vidole vyake juu yake, akaondoka. Yeye akaukata vipande viwili, kimoja akampa mwenzake bila kumtazama. Mwenzake akakipokea bila kumtazama pia, wakala.

Usiku hotelini alirekodi ujumbe wa sauti kwa mama yake mara sita. Wa kwanza ulianza na "Mama, ile siku ya getini..." akaufuta. Wa sita ulikuwa sekunde nne, nao akaufuta. Saa tano usiku, Dar ni alfajiri ya saa kumi na moja, ukaingia wa mama. Nyuma yake unasikia maji na kunde zinafikichwa.

"Mwanangu, umelala? Nimetia kitunguu jana usiku kwenye mafuta yaliyobaki nione. Kweli, hayakutoa ule moshi. Umeona mambo hayo, miaka yote. Sasa sikiliza. Yule mama usimtupie kwenye ukurasa wako kama hukumuomba ruhusa, yuko kazini. Na ile siku ya ofisini nilisikia. Nilijua tu, mimi ndiye niliyekufundisha kujificha. Nilidhani nakusaidia. Gauni lako lina mafuta kwenye mkono, usifue na maji ya moto, yataganda. Haya, lala."

Aliucheza mara nyingi. Picha ya roshani alishaituma, ikapata laiki mia tatu na kitu. Ya baiana hakuituma, mpaka keshokutwa yake alipokwenda kumuomba, na baiana akakubali kwa sharti kwamba apigwe akiwa na mwiko, asionekane kama pambo.

Jumatatu ya kwanza ofisini Dar, kontena lenye mfuniko mwekundu likazunguka tena. Kijana mmoja wa uhasibu akang'ata, akauliza, "Hizi za wapi jamani?" Mikocheni alikuwa mezani kwake. Alijua jibu vizuri sana. Akainamisha kichwa kwenye kompyuta, utepe bado mkononi, akaanza kuandika barua pepe isiyokwenda kwa mtu yeyote.

"Za mama yangu," wa Mbagala akasema. "Anauza, mia mbili moja. Leo za kuonja, kesho mje na hela."

Ilipofika Alhamisi oda zilikuwa themanini. Mama alipoambiwa alilalamika sana: nani atafikicha kunde zote hizo, na nani atazipandisha daladala mbili?